Aliyemwita Baba Brayson Hewani

Siku ile nilitoka nyumbani Maisaka, hapa Babati mjini, jua likielekea kuzama, na hasira zangu kichwani. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri ya redio ilikuwa kwa Mzee Bushiri, inachajiwa kwenye sola yake. Mzee huyo ukimwambia utapitia jioni, yeye anaelewa kesho. Nikajifunga khanga kiunoni, nikaita bodaboda.

Si redio ya muziki, tuelewane. Ni redio ya upepo, ile ya kuita na kujibiwa. Kanisa letu lina zahanati kule juu milimani, nyuma ya Bashanet, ambako simu ukiishika umeshika kioo tu. Chumba cha redio cha parokia kinavuja, kwa hiyo mashine iko sebuleni kwangu, na waya wake umefungwa nje kati ya miti miwili ya mgrevilea. Mimi ndiye ninayeita. Mume wangu, Damasi, ndiye anayeendesha Landkruza ya wagonjwa, na ndani ya gari kuna redio nyingine. Kazini namwelekeza njia, nyumbani namwelekeza pia. Watu wa mtaa wananitania kwa hilo, nami nawaambia wakaoe wanyamavu.

Jioni hiyo alikuwa amepanda kumfuata mdogo wangu Rogathe. Uchungu ulikuwa umemwanza, mtoto amelala vibaya tumboni, na muuguzi wa zahanati amesema hapa pananishinda, mpelekeni mjini apasuliwe. Rogathe nimemlea mimi. Mama yetu alipofariki, mgongo aliojua ulikuwa wangu. Kwa hiyo mtu asingeniambia nitulie.

"Shikamoo, Mzee Bushiri. Nipe betri yangu niondoke."

"Marahaba, Mama Brayson. Imejaa hiyo. Lakini leo utaita mpaka koo likauke. Hewani kumechafuka."

"Na nini? Mvua?"

Akacheka, akaonyesha juu kwa bisibisi. "Mvua iko chini. Hii ni juu kabisa, juu kuliko ndege. Kule kuna tabaka linalotengenezwa na jua. Sauti yako ikitoka kwenye waya inapanda, inagonga pale, inarudi chini ng'ambo ya mlima. Ndiyo maana unawapata watu wa juu wakati mlima umesimama katikati. Jua likizama tabaka linapungua nguvu, ndiyo maana mnahamia chaneli ya usiku. Sasa tangu jana jua limelipuka, moto wake umetufikia. Tabaka linachemka kama uji."

Nikashtuka. Barabara kuu ilikuwa imefunikwa na maporomoko, na Damasi alikuwa anapita njia za mashambani kwa kufuata GPS ya gari.

"Na ile GPS je?"

"Satelaiti zake ziko juu ya hilo tabaka. Mawimbi lazima yapite humohumo. Yakipinda, itamwambia yupo barabarani kumbe yupo kwenye mahindi ya mtu." Akanifungia betri kwenye mfuko wa salfeti. Kisha akashusha sauti. "Tena unaweza ukasikia sauti yako mwenyewe inakurudia. Ikitokea, usiijibu."

"Nijibu sauti yangu? Mimi kichaa?"

Hakucheka. Mzee Bushiri anachekaga hata kwenye matanga, lakini hapo hakucheka.

Nilifika nyumbani giza likianza kuingia. Nikaunga betri, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taa ya kijani ikawaka. Kwa kawaida jioni mashine huwa inachacharika, kama mtu anakaanga vitunguu chumba cha pili. Siku hiyo ilikuwa inapumua.

Inavuta... inatoa. Inavuta... inatoa.

"Gari, gari, hapa Maisaka. Baba Brayson, unanipata? Ova."

Kimya. Nikaita tena. Mara ya tatu akaja, mbali, kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

"Nakupata kidogo, Mama Brayson. Nimemchukua Rogathe, tunashuka. Mvua kubwa. Hii GPS imechanganyikiwa, inasema niko katikati ya Ziwa Babati. Ova."

"Ukiona viboko wasalimie. Rogathe yukoje?"

"Anauma meno. Anasema umwombee, ana..."

Sauti ikazama. Jua lilikuwa limeshatoweka nyuma ya milima. Nikahamia chaneli ya usiku, kama tulivyozoea, kwa kuwa najua na yeye anahamia.

"Gari, gari, hapa Maisaka. Baba Brayson, unanipata?"

Nikaachia maiki. Mashine ikavuta pumzi.

"...Baba Brayson, unanipata?"

Mungu wangu. Ilikuwa mimi. Sauti yangu kabisa, na ule mkwaruzo wangu wa vumbi niliotoka nao utotoni. Nikakumbuka maneno ya Mzee Bushiri, nikajiambia hii ni ile ya tabaka, Leonia, tulia, sauti imegonga huko imerudi. Nikaita tena. Ikarudi tena, imechelewa kidogo. Nikamwambia Damasi atumie taa kubwa. Hayo nayo yakarudi. Kila nilichosema kilirudi, na katikati ya kurudi huko Damasi angekuwa anaita, nami simsikii.

Ndipo nikapandwa. Mdogo wangu anakufa mlimani, halafu sauti inanichezea!

"Nyamaza wewe mwanamke! Acha kuniiga!"

Nikangoja hayo yarudi.

Nikangoja...

Hayakurudi. Maneno yangu yote yalikuwa yamerudi, ila hayo yalifika mahali yakapokelewa. Mashine ikaacha kupumua. Halafu nikasikia harufu. Mafuta ya nazi, yale ya mgando ninayopaka kichwani. Yalikuwa yananukia kutoka kwenye matundu ya spika, ya moto, kama kichwa cha mtu kimeegemea upande wa pili.

"Haya," ikasema. "Usinifokee."

Mimi sikuwa nimesema hivyo.

Nilitaka kukimbia, nakiri. Miguu ilikuwa imeshageukia mlangoni. Lakini hapohapo Damasi akaingia hewani, safari hii karibu, safi, mpaka nikasikia waipa za gari.

"Mama Brayson, nimefika kwenye korongo. GPS inaniambia nimeshavuka, lakini mbele naona maji tu. Rogathe amelegea. Nivuke, au nisubiri yapungue? Ova."

Korongo lile nalijua. Nimezaliwa juu yake. Maji yake yanakuja kwa fujo na kuondoka upesi, na watu wanaokufa pale ni wale wenye haraka.

"Usivuke! Kaa hapohapo ukingoni, yatapungua. Usivuke, Baba Brayson!"

"Vuka, Baba Brayson," sauti yangu ikasema. "Panda juu kidogo, kuna mawe. Vuka sasa hivi, baba."

"Mama Brayson, mbona unageuka? Nisubiri au nivuke?"

"Huyo si mimi! Subiri!"

"Huyo si mimi," ikasema nayo, taratibu. "Usimsikilize, Baba Brayson. Mimi nipo hapa."

Ilikuwa imetulia. Ndicho kilichonitisha zaidi. Mimi nilikuwa nahema, maiki inateleza kwa jasho, na yule alikuwa anaongea kama mke mwema anayekaribisha chai. Ungeletewa sisi wawili uambiwe uchague, hata wewe ungemchagua yeye.

Nikapiga kelele ambayo sijawahi kupiga maishani.

"Damasi! Damasi weee! Usivuke!"

Kwetu mke haiti mume wake kwa jina. Tulipooana nilimwita "baba", alipozaliwa mtoto akawa Baba Brayson, basi. Nimegombana na mwanamume yule mpaka majirani wakatoka nje, na katikati ya matusi nilikuwa namwita Baba Brayson. Hilo jina lake halikuwahi kutoka kinywani kwangu mbele yake. Siku hiyo lilitoka lenyewe, kwa hofu, kwa sababu nilitaka kumshika na sikuwa na mkono wa kufika kule.

Nikasikia waipa. Nikasikia Rogathe akilia kwa mbali.

"Mke wangu haniiti hivyo," Damasi akasema. Hakuwa anazungumza na mimi. "Haya, mama. Nimeshajua yupi ni wewe. Navuka."

"Njoo," ikasema sauti yangu.

Kisha mashine ikazima. Betri imejaa, waya umekaza, na taa ya kijani imekufa.

Nilipiga magoti nikashika rozari, lakini sala ilikuwa hainikai mdomoni. Nilikuwa naanza Salamu Maria nikijikuta nasema mawe, panda juu, kuna mawe. Nilikuwa naona Landkruza imelala ubavu, nyumba yangu yote imo ndani. Nikasimama, nikakaa, nikatoka nje nikashika mgrevilea, nikarudi ndani. Jirani aliniita akauliza kuna nini, nikamjibu jeuri ambayo mpaka leo hajanisamehe.

Simu ikaita. Damasi.

"Tumefika hospitali. Rogathe ameingizwa chumba cha upasuaji. Njoo."

Nililia njia nzima juu ya bodaboda, mpaka kijana wa watu akataka kunirudishia nauli. Rogathe alipasuliwa, akatoka salama, na mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta. Nikamkumbatia Damasi mbele za watu. Alikuwa amelowa. Alinipigapiga mgongoni kwa adabu, kisha akajitoa.

Kesho yake, mtoto akinyonya, Rogathe akanishika mkono.

"Dada, ulituokoa. Tulipokanyaga tu ng'ambo, pale tulipokuwa tumesimama pakaondoka pote. Ukingo mzima, na miti yake. Tungesubiri hata kidogo, tungeondoka nao."

Mimi ndiye niliyewaambia wasubiri.

"Na ile sauti nyingine iliyokuwa inapiga kelele," akanong'ona, "ile iliyomwita shemeji kwa jina... Dada, ilikuwa ya nani? Ilinitisha. Nashukuru wewe ulikuwa unatuongelesha njia nzima, unamchekesha shemeji, mpaka getini hapo hospitali."

"Njia nzima?"

"Si ulikuwa unaongea mwenyewe?"

Mashine yangu ilikuwa imezima, na mimi nilikuwa sakafuni na rozari. Nikamwambia Rogathe alale, amepoteza damu.

Nilikwenda kwa Mzee Bushiri na betri nikaitua mezani kwa kishindo. Nikamweleza yote. Alisikiliza akikunja na kukunjua kipande cha waya.

"Sauti kurudi, hilo lipo," akasema. "Inanaswa huko juu, inazunguka, inachelewa, inarudi. GPS kukosea, hilo lipo. Chaneli moja kufa na nyingine kufunguka ghafla, hilo lipo pia, na jua lilivyolipuka ningeshangaa lisingetokea."

"Na kumwambia mume wangu avuke? Nako ni jua?"

Akauweka waya chini. "Ulimjibu?"

"Nilimfokea."

"Kufoka ni kujibu, mama."

"Sasa nani alikuambia nisijibu? Aliyekuambia hakusema kwa nini?"

"Ni fundi aliyenifundisha kazi hii, Kondoa. Aliniambia akiwa nyumbani kwake, tunakunywa chai. Alininong'oneza, huku anaangalia mlango wa jikoni asisikiwe. Na jikoni mle alikuwemo mke wake tu." Akanirudishia betri, hakutaka hela ya kuchaji. "Sikumuuliza zaidi, Mama Brayson. Nawe usiniulize."

Jua likatulia. Hewani kukasafika, jioni mashine yangu ikarudia kukaanga vitunguu vyake. Wa zahanati walikuwa wanaita, najibu, dawa zimekwisha, mgonjwa ameshushwa, kazi kama kawaida. Mimi nikasema imepita.

Damasi ndiye hakupita.

Akitoka kazini haingii ndani. Anaegesha Landkruza uwani, anapandisha vioo, anakaa humo na maiki mpaka giza linamfunika. Nilimsikia akicheka. Mume wangu hajawahi kuwa mtu wa kucheka, ukimpa kichekesho anakuuliza kilitokea lini. Humo garini alikuwa anacheka kama kijana aliyepata mchumba. Nikakimbilia sebuleni nikafungua mashine yangu, nikapita chaneli zote. Hakukuwa na mtu.

"Chakula kinapoa!"

"Nimeshakula."

Wapi? Na nani? Alikuwa anaingia amechelewa, analala ukingoni mwa kitanda, kama mtu aliyepewa hifadhi. Nikiongea, anageuza sikio kidogo, ananisikiliza kwa makini kama anayetafuta kasoro. Uchungu wake siwezi kuueleza. Unaulizwa maswali na macho ya mtu uliyezaa naye.

Jioni moja nikaufungua mlango wa gari kwa nguvu.

"Baba Brayson, huyo ni nani?"

Akanitazama bila ugomvi. "Siku ile ningekusikiliza wewe, Rogathe angekuwa wapi leo? Na mimi?"

Jibu lilikuwa moja na wote tulilijua.

"Anataka nini kwako?" nikanong'ona.

"Hataki kitu. Amepotea tu, maskini. Mimi nilipopotea alinielekeza. Sasa yeye ananiuliza njia."

Akabonyeza maiki, akaisogelea GPS, akaanza kusoma namba zilizokuwa kwenye kioo, moja moja, kwa upole, kama anamfundisha mtoto. Digrii. Nukta. Tarakimu. Namba zile nimewasomea madereva wa dawa mara nyingi. Ni za uwani kwetu.

Wee! Nilimvamia. Nilinyang'anya maiki, nikachomoa waya zake zote, nikang'oa fyuzi nikatupa chooni. Nikakata waya wa kwenye migrevilea kwa panga, nikabeba mashine ya sebuleni usiku uleule nikampelekea paroko, nikamwambia atafute mtu mwingine. Paroko akauliza kama nyumbani kuna amani. Nikasema ipo, ndiyo naitafutia ulinzi. Damasi hakunizuia. Alisimama uwani, anaangalia barabara ya kutokea Mutuka kama mtu anayesubiri mgeni na anajua basi limechelewa tu.

Leo jioni nimepika makande ya watu wawili, Brayson yuko shule ya bweni. Nimejitahidi, nimetia na karanga, maana nilijiambia mume hurudishwa kwa chakula na utulivu. Damasi ameoga mapema, amevaa shati la kanisani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote. Akakaa sebuleni, mikono magotini, mahali ilipokuwa mashine.

Giza likaingia. Umeme ukakatika.

Nikasikia kandambili.

Zilikuwa zinatoka barabarani. Zinaburuta kidogo upande wa kushoto, kama mimi ninavyoburuta tangu nivunjike kifundo. Zikapita kwa jirani. Nikamsikia jirani, yule ambaye haniamkii tena, akisema, "Leo umepoa, Mama Brayson, umetoka wapi?" Akajibiwa jambo fulani, wakacheka wote wawili.

Nikangoja mbwa. Mbwa wetu hubwekea hata padri. Hakubweka. Nikasikia mkia wake ukigonga ukuta, tap, tap, tap, kwa furaha.

Kandambili zikasimama.

"Hodi," ikasema sauti yangu. "Baba Brayson, nifungulie, mikono imejaa."

Nikasimama katikati ya mlango, mgongo kwenye mbao, mwiko bado mkononi. Nyumba hii nimeijenga, matofali nimeyabeba mimi. Nilitaka kumwita mume wangu. Nikashindwa nimwite nani. Nikisema Baba Brayson, aliye nje ameshasema. Nikisema lile jina lake jingine, kwake aliyelisema siku ile si mke wake.

Damasi akainuka. Akawasha tochi ya simu, akaniangazia usoni, akaniangalia muda. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kwa heshima, kama anavyomwangalia mgeni aliyekaa mpaka usiku umemwingilia.

"Samahani, mama," akasema taratibu. "Naomba unipishe hapo mlangoni. Mke wangu amerudi."